Aliyemwita Mwenyekiti

Kuna vyama vilivyowahi kuongozwa na wezi, vingine na walevi, vingine na watu ambao hata ukiwasomea katiba ya chama chao wanauliza ni ya nchi gani. Tawi la Noonkopir, hapo Kitengela, la chama cha Kibuyu liliongozwa na marehemu kwa miaka minne na miezi kadhaa, na wanaolijua vizuri wanasema halijawahi kupangika kama wakati huo. Barua zilijibiwa. Ripoti zilifika makao makuu kabla ya tarehe. Na Mwenyekiti hakuomba nauli hata siku moja.

Aliyeifanya kazi hiyo yote ni Munyiva, mpiga chapa.

Munyiva alifika Kitengela mwaka wa tisini na moja kutoka Masii, Ukambani, akiwa na cheti cha kupiga chapa, mtoto mgongoni aliyeitwa Kavutha, na habari kwamba viwandani Athi River wanaandika watu. Waliandika watu kweli, ila si yeye. Akanunua taipureta iliyochoka, akafungua kibanda cha mabati nyuma ya hardware ya Kiilu, muuza misumari na saruji, na kumbe hapo ndipo kazi ilipokuwa ikimngoja. Miaka ile ardhi ya Kitengela ilikuwa inakatwakatwa kama nyama ya harusi. Mmaasai anauza, Mkamba ananunua, Mkikuyu amesimama katikati anawasalimia wote wawili, na kila shamba likiuzwa lazima mtu aketi chini apige chapa makubaliano. Mtu huyo akawa Munyiva. Akajulikana hadi Isinya.

Vyama vingi viliporuhusiwa, kila mwenye meza na viti sita alifungua tawi. Kibuyu kilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo lilikaa kwenye barua tu. Watu walikiita kwa alama yake, na alama yake ilikuwa kibuyu cha maziwa. Mwenyekiti akachaguliwa Mzee Lemein wa Kisaju, kwa sababu mbili: alikuwa na boma lenye nafasi ya mkutano, na alikuwa na mdomo ambao hata D.O., mkuu wa tarafa, aliupisha njia. Naibu wake akawa Kiilu wa hardware, ili Wakamba nao wajisikie wako ndani. Munyiva akawa katibu kwa sababu upande ule wote wa barabara ya Namanga hakukuwa na taipureta nyingine. Hakuna aliyemuuliza kama anakipenda Kibuyu.

Kila Alhamisi Mzee Lemein alikuja kibandani. Aliinama mlangoni, akamwamkia Kimaasai kama binti yake, “Takwenya, nakerai,” na Munyiva akajibu, “Iko,” kama alivyofundishwa, kisha mzee akavuta ugoro, akapiga chafya mbili, na kuanza kusema barua zake. Kiswahili chake kilitawanyika kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi, na kazi ya Munyiva ilikuwa kuwakusanya. Mwishoni mzee alitia sahihi taratibu sana, ulimi nje, kama mtu anayemtia ng’ombe alama. Munyiva alizijua kona zote za sahihi ile. Ukiitazama kazi ya mtu kila Alhamisi kwa miaka sita, mkono wako unajifunza bila kukuomba ruhusa.

Mzee alikufa mapema mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa za El Niño zilizoondoka na madaraja na kuacha homa. Alizikwa Kisaju, kwa pasta na kwa wazee. Na kuanzia hapa na sisi tutamwita Mwenyekiti, maana hakuna haja ya mtu kujitafutia balaa kwa sababu ya hadithi.

Kosa la Munyiva lilikuwa kosa la heshima. Kwao Masii, mtu akifa jina lake halilazwi. Linapewa mjukuu, na marehemu anaitwa kila siku, tena kwa sauti, hata wakati mjukuu anabadilishwa nepi. Munyiva mwenyewe alibeba jina la nyanya yake, na akiwa mdogo alikuwa akiamkiwa na wazee wenye mvi kama mama yao. Alikuwa amesikia kwamba Wamaasai hawatamki jina la aliyekufa. Lakini alidhani hilo ni jambo la bomani, mbele ya wafiwa. Kwenye mkutano, kwenye karatasi, alidhani mambo ni mengine. Alidhani karatasi ni nchi yake peke yake.

Basi mwezi wa nne tawi likaitishwa lichague mwenyekiti mpya. Wajumbe walikuwa ishirini na wawili, na katiba ilitaka wafike kumi na watano. Walifika kumi na saba, kumi na mmoja kati yao wakiwa wazee wa Kimaasai. Walikaa katika darasa la tatu la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Kiilu alikuwa amevaa suti. Kila mtu alijua suti ile imevaliwa kwa ajili ya nini.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Munyiva alikuwa amezipamba. Alikuwa ameongeza aya nzima ya rambirambi, nzuri, ya kuliza mtu, na aliisoma kwa sauti ya kanisani. Alisoma jina la marehemu mara ya kwanza, na darasa likanyamaza. Akalisoma mara ya pili, na mzee mmoja akaokota fimbo yake. Aliposoma mara ya tatu na kuinua macho apokee shukrani, wazee kumi na mmoja walikuwa wamefika mlangoni. Hawakugomba. Hawakumtazama. Walitoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kwamba wameacha mifugo mtoni.

Kiilu alihesabu waliobaki. Walikuwa sita, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mkutano ukafa hapo.

Nje, Munyiva alimkuta Ruth amesimama kivulini mwa tangi la maji. Ruth ndiye mke wa Mwenyekiti, mama wa mwanawe Sankale, na Munyiva alimwita yeyo, yaani mama, kama watoto wake walivyomwita. Alijaribu kuomba msamaha. Ruth alimsikiliza hadi mwisho.

“Tangu tumlaze, nyumbani kwake hakuna mtu amemwita,” alisema. “Wewe umemwita mara tatu. Sasa akija, mkaribishe. Mimi usiniletee.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Kwa katiba, Kiilu alipaswa kukaimu. Alikalia kiti cha mwenyekiti katika mkutano mdogo wa watu sita, na wiki hiyo upepo ukaja kutoka uwandani ukabeba mabati ya hardware yake, yeye tu, katikati ya maduka tisa. Kiilu akasema upepo ni upepo. Akakalia kiti mara ya pili, na siku mbili baadaye akakanyaga msumari ukatokea juu ya kiatu. Mtu anayeuza misumari, katika duka lake. Alipotoka hospitalini alipitia kibandani akichechemea na kumwomba Munyiva amwandikie barua ya kujiondoa kwenye ukaimu.

“Andika nabaki naibu,” alisema.

“Naibu wa nani, Kiilu?”

“Wewe andika naibu. Mambo ya wa nani tumwachie Mungu.”

Baada ya hapo akidi haikutimia tena. Kila mkutano ulipoitwa, wazee walikuwa njiani, na Wamaasai wakiwa njiani hakuna polisi wa kuwatafuta. Wakamba nao walikuwa na harusi, na mvua, na mgonjwa Machakos. Hakuna aliyesema anaogopa kiti. Ni kwamba tu hakuna aliyekuwa na nafasi.

Munyiva aliwaandikia makao makuu na kusema ukweli: mwenyekiti wetu hatunaye. Wakamjibu kwa fomu. Ili mwenyekiti aondolewe kwenye daftari, ilitakiwa kumbukumbu ya mkutano kamili, yenye jina kamili la marehemu, iliyotiwa sahihi na theluthi mbili ya wajumbe. Akaandika tena kueleza kwa nini hakuna mzee atakayetia sahihi karatasi ya namna hiyo. Wakamjibu kwa fomu ileile, safari hii kopi mbili.

Mwezi wa tisa ikaja barua kwa Mwenyekiti mwenyewe, kwa jina. Tawi litume orodha ya wajumbe kabla ya Ijumaa, au lifutwe. Munyiva alipiga chapa orodha. Akagonga muhuri, ambao tangu zamani ulikaa katika droo yake. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi. Aliitazama nafasi ile tangu saa tatu hadi saa tano, kisha akaijaza. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Uwongo wa kwanza unapaswa kumpa mtu shida kidogo.

Sahihi ya pili ilikuwa rahisi, na ya kumi ikawa kazi ya kawaida. Mwaka wa elfu mbili, kiangazi kilipokausha Kisaju na ng’ombe wakawa ngozi zilizosimama, Mwenyekiti aliiandikia ofisi ya wilaya barua kali kuhusu maji, na wiki hiyohiyo lori la maji likafika. Wazee walikunywa, wakanywesha, wakasema ofisi ya Noonkopir inafanya kazi. Hawakuuliza nani ameandika. Kuuliza kungehitaji kutaja.

Lakini kitu kilikuwa kinaendelea pale kibandani, na Munyiva alikijua kabla hajakubali kwamba anakijua. Siku za Alhamisi palinuka ugoro. Aliosha sakafu kwa dawa, akabadilisha pazia, akapaka chokaa. Pakanuka ugoro na chokaa. Halafu barua. Mwanzoni alikuwa anaiga, anajaribu kukumbuka mzee angesemaje. Baadaye alisoma barua aliyokwisha kuipiga, akakuta ndani yake maneno ambayo hakuwa anayajua. Methali za ng’ombe. Majina ya visima vilivyofukiwa kabla yeye hajazaliwa. Makao makuu walizipenda barua hizo sana, hata wakachapisha vipande katika jarida la chama, chini ya kichwa cha maneno “Busara kutoka Noonkopir”. Munyiva alisoma busara ile kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine iliyofunguliwa kwa makosa.

Siku moja Kavutha, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alitoka shuleni mchana akasimama mlangoni.

“Mama, nani alikuwa anaongea?”

“Ni mimi. Nasoma barua.”

“Si wewe,” mtoto akasema, na akakataa kuingia. Alifanya hesabu zake nje, kwenye jua, juu ya mfuko wa saruji wa Kiilu.

Munyiva alimwandikia mama yake, Syokau, barua ya kawaida ya kuuliza hali na kusema wanaendelea vyema. Syokau hajui kusoma, husomewa na mwalimu jirani. Jibu lilifika upesi kuliko kawaida. Lilisema barua imefika, ila isingekuwa mwalimu kuutambua mwandiko angedhani ameandikiwa na mwanamume mzee anayetafuta ng’ombe. Halafu: “Hayo ni maimu, mwanangu, aliyekufa amekuingia. Mrudishe kwao. Lakini pasta akikuuliza, usiseme mimi ndiye nimesema.”

Munyiva aliisoma barua ile mara nyingi. Si kwamba alijali kuwa mwongo. Mwongo anajua ukweli uko wapi, ameuficha mwenyewe. Yeye alikuwa ameanza kusahau vile alivyokuwa akisema zamani, kabla ya Alhamisi zile zote. Akimkemea Kavutha, sauti ilitoka nzito, ya kifuani. Akitaka kucheka, alipiga kwanza ulimi kwenye meno kama mzee wa Kisaju. Aliona wazi kwamba Mwenyekiti asipotolewa kwenye kile kiti, siku moja yeye ndiye atakayetolewa mwilini mwake, na hakuna atakayeona tofauti, kama ambavyo hakuna aliyeiona sahihi ilipobadilisha mkono.

Ndiyo maana mwaka wa elfu mbili na mbili, barua ya uchaguzi wa matawi ilipofika, alikaribia kuibusu. Mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi, mjini Kajiado, kila mwenyekiti wa tawi afike mwenyewe, asimame, ama atetee kiti ama amkabidhi mwingine. Tawi lisilokuwa na mwenyekiti litamchagua papo hapo. Afisa atatoka Nairobi. Munyiva akahesabu siku kwa kidole.

Siku nne kabla ya hiyo Jumamosi alikuja Sankale.

Sankale alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwenyekiti, dalali wa mashamba, miwani ya jua, simu kiunoni kama bastola. Nusu ya ardhi ya baba yake ilikuwa tayari ina nyumba za watu wengine juu yake. Aliingia, hakusema takwenya, akabaki amesimama.

“Mama Kavutha, kuna barua nataka,” alisema. “Ya yule mzee. Aseme hajisikii vizuri, hawezi kufika Kajiado, na kiti ananiachia mimi.”

Munyiva alidhani hakusikia vizuri. “Unataka nikuandikie barua ya baba yako?”

“Wengine umewaandikia miaka minne. Serikali umeiandikia. Mimi ni damu yake, mimi ndio unaninyima?”

Munyiva akasema hafanyi hivyo tena. Sankale akaendelea polepole, kwa upole wa dalali, akamkumbusha kwamba kutia sahihi ya mtu mwingine ni jela, na kwamba kituo cha polisi hakiko mbali.

“Nenda,” Munyiva alisema. “Lakini utawaambia nini? Kwamba nimetia sahihi ya nani? Taja. Kwamba kwa nini hawezi kutia mwenyewe? Waambie waandike kwenye taarifa, uweke kidole chini yake.”

Walitazamana pale, mmoja ana kosa na mwingine ana mila, na hakuna aliyeweza kumpiga mwenzake bila kujiangukia. Mwishowe Sankale alivua miwani. Bila miwani alifanana sana na baba yake, na Munyiva akatamani airudishe.

“Alikuwa anakupenda kuliko mimi,” alisema. “Alikuwa anakuja hapa kila Alhamisi. Mimi aliniambia nini? Kazi ya kufunga geti.” Akasema atachukua barua Jumamosi hukohuko Kajiado, akatoka.

Sasa, msimwone Munyiva kama malaika. Aliketi akafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona Sankale amemletea ufunguo. Barua moja tu. Baba anampa mtoto kiti, mzee anarudi kwa damu yake, anaenda kukaa kwa wanawe huko. Si ndivyo mama yake alivyosema, mrudishe kwao? Akaweka karatasi kwenye taipureta, akaanza: Mimi, Mwenyekiti wa tawi la Noonkopir. Vidole vikaenda vyenyewe kama vilivyozoea. Aliposimama na kusoma, karatasi ilisema: *Ndama anayenyonya ng’ombe aliyekufa hanenepi. Huyu asinikalie.*

Akaichana. Akaweka karatasi nyingine, akaandika polepole, akitazama kila herufi ikipigwa, na akaona kwa macho yake mwenyewe vidole vyake vikiandika ndama. Hakujaribu mara ya tatu. Mara tatu alikwisha kuzijua.

Jumamosi wajumbe wa Noonkopir walikwenda Kajiado kwa lori la Kiilu, karibu wote, hata wazee waliokuwa njiani tangu mwaka wa tisini na nane. Tetesi zilikuwa zimeenea kwamba matawi yasiyofika yatafutwa, na jina la Kibuyu lilikuwa limewaletea maji. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mabati, joto la kuoka mkate. Mbele kulipangwa viti vya wenyeviti wapya, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la tawi. Afisa wa Nairobi aliitwa Yvonne, msichana mwenye faili jeupe na haraka, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu Kisaju.

Alianza kuita. Ongata Rongai, mwenyekiti akasimama. Isinya, akasimama. Kisha akasema, “Noonkopir,” na akasoma jina, lote, la kwanza hadi la ukoo, kwa sauti nzuri ya shule.

Mzee mmoja akaokota fimbo yake.

Yvonne akarudia jina. Wazee walikuwa wanainuka. Akafungua mdomo kuita mara ya tatu, na hapo Sankale akasimama upande wa pili na kusema mzee yuko, ila hajisikii vizuri, amemtuma yeye.

“Una barua yake?”

“Iko na sekretari.”

Ukumbi mzima ukamgeukia Munyiva. Wazee walisimama palepale walipofika, nusu njia ya mlango. Sankale alikuwa amenyoosha mkono kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Munyiva alijua kwamba akisema barua imesahaulika nyumbani, wangempa wiki moja, na katika wiki moja mtu anaweza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alisimama.

“Hakuna barua,” alisema. “Na huyo unayemwita, dada, usimwite tena. Hatunaye tangu mwaka wa tisini na nane.”

Yvonne alitazama faili. Alilifungua, akaonyesha karatasi moja baada ya nyingine, na alikuwa anakaribia kukasirika. “Hizi zimetoka kwa nani?”

“Kwangu. Muhuri niko nao mimi. Sahihi ni yangu.”

“Zote? Hata ya maji? Hata zile za busara?”

Munyiva alitaka sana kusema ndiyo, hata kwa jela.

“Hizo sijui,” alisema.

Wazee wakatoka. Walitoka kama walivyotoka mara ya kwanza, mmoja mmoja, wakaenda kusimama kwenye ua wa nje. Yvonne alikuwa msichana wa haraka lakini si mjinga. Alifunga faili, akasema kesi ya sahihi itaamuliwa Nairobi, ila tawi lichague mwenyekiti sasa hivi au lifutwe leo. Aliuliza naibu yuko wapi. Kiilu alisimama, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yeye mguu wake haujawahi kupona vizuri, akaketi. Sankale akasema yeye yuko tayari. Akaenda mbele na kusimama peke yake, na miwani yake, akingoja watu wapange mlolongo nyuma yake.

Hakuna aliyepanga. Ruth, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake muda wote, aliinuka akatoka nje kwa wazee.

Walikaa huko karibu nusu saa. Kupitia dirishani Munyiva aliona fimbo zikiinuka na kushuka, mzee akisema, mwingine akisema, Ruth amesimama katikati yao mikono imefungwa kifuani. Alijiambia wanazungumza faini. Ng’ombe labda. Alijiambia angelipa ng’ombe kwa furaha, angeuza taipureta, angerudi Masii kuvuna kunde na kuongea kwa sauti yake mwenyewe hadi azeeke.

Waliporudi, wazee walisimama ukutani. Aliyesema ni Ruth, na alimwambia Munyiva, si Yvonne.

“Wazee wamesema hakuna mtu wa kukalia pale pahali,” alisema. “Kila mtu anajua pana mtu. Wamesema aliyemwita ndiye atakayekaa naye.”

“Yeyo, mimi nimekuja hapa aniachilie.”

“Najua.”

“Mimi ni mtoto wake,” Sankale alisema kutoka mbele, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Ruth alimgeukia mwanawe. “Ndiyo maana,” alisema. “Nyinyi wawili lini mlikaa pamoja mkanyamaza? Huyu mama wameketi pamoja miaka sita akiwa hai, na minne akiwa vile alivyo. Maji tumekunywa.” Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, ya mwanamke kwa mwanamke: “Mimi pia nililala naye miaka thelathini, nakerai. Hana shida sana. Mwache aseme, halafu ufanye yako.”

Mzee wa kwanza alitoka ukutani akaja kusimama nyuma ya Munyiva. Halafu wa pili. Munyiva alisikia fimbo zikigonga sakafu moja baada ya nyingine nyuma yake, akasikia harufu ya shuka zilizotoka juani, na mtu akikohoa ambaye hakugeuka kumtazama. Alitaka kuondoka kwenye mstari, lakini mtu akiondoka mbele ya mlolongo wake, mlolongo unamfuata, na angewatembeza wazee ukumbi mzima. Kiilu naye alikuja, akasimama karibu kabisa na mbele ili aonekane. Nyuma ya Sankale walisimama vijana wawili wa udalali, wakitazama saa zao.

Yvonne alihesabu, akaandika, akauliza jina. Munyiva alisema jina lake lote, na alisikiliza kwa makini alipokuwa akilisema, kujua limetoka kwa sauti ya nani. Hakuweza kujua. Ukumbi ulikuwa na kelele.

Akaonyeshwa kiti chenye karatasi ya Noonkopir. Alikwenda, akasimama mbele yake kidogo, akaketi pembeni, ukingoni kabisa, nusu ya kiti, nusu nyingine akaiacha wazi.

“Keti vizuri, mama,” Yvonne alisema. “Nafasi iko.”

“Niko sawa,” alisema Munyiva, na akausogeza mguu wake ndani kidogo, usimkanyage mtu.